Ukuta wa Hundi

Dukani kwa Delmar Raddatz, nyuma ya keshia, kulikuwa na ukuta uliosomwa kuliko gazeti la mji. Hundi yoyote iliyorudishwa na benki kwa kukosa pesa, Delmar aliibandika pale kwa selotepu, jina likiwatazama wateja, na juu yake akaandika kwa wino mwekundu: HUYU ASIPOKELEWE. Ukienda kununua misumari au kopo la rangi, ulikuwa unasubiri chenji yako huku unasoma nani kaaibika. Delmar aliuita ukuta wa elimu. Wenyeji wa Norden Mills, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo, walikuwa na majina mengine ya kuuita, lakini waliyataja nje, kwenye maegesho, wakishapakia mizigo yao.

Na ili hundi zisirudi, alikuwa na utaratibu wake. Mteja akitoa hundi, mkewe Lorna, aliyekaa kwenye keshia, alilazimika kudai leseni ya udereva, kisha kadi ya mkopo, na namba nzima ya kadi ile aiandike mgongoni mwa hundi. Asiye na kadi alirudi nyumbani kuleta pesa taslimu, awe mkulima, awe mjane, awe mwalimu aliyemfundisha Delmar mwenyewe kusoma.

Namba zile hazikumfaa kitu. Kampuni za kadi hazikumruhusu kuchota pesa kwenye kadi ya mtu eti kwa sababu hundi yake imerudi. Angeweza vilevile kumwambia Lorna aandike saizi za viatu. Ila hundi ikishatoka pale ilipita mikononi mwa makarani wa benki kadha wa kadha, jina la mtu, anwani yake na namba ya kadi yake vyote mahali pamoja. Mwizi alibakiwa na kazi ya kuinua simu tu na kuagiza atakacho. Delmar alilijua hilo. Halikumnyima usingizi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na kadi. Kadi, alisema, ni za watu wasioweza kujizuia.

Hundi iliyokaa juu kabisa ukutani ilikuwa ya Alvin Dombeck. Alvin alikuwa fundi wa mabomba, mfupi, mwembamba, mtu wa maneno machache, na nyumba yake ilitazamana na ya Delmar. Benki yake ilinunuliwa na benki nyingine, na katika vurugu za kuhamisha akaunti hundi yake ikarudi. Benki ilimwandikia kumwomba radhi. Siku hiyo hiyo Alvin akaja dukani na pesa taslimu mkononi. Delmar akazipokea, akazihesabu, akazifungia kwenye droo. Hundi akaiacha ukutani.

"Delmar, si nimekulipa?" Alvin aliuliza.

"Umenilipa, ndugu yangu. Asante sana."

"Basi bandua."

"Nikibandua yako, kesho nitabandua ya nani? Ukimlegezea mmoja, umewalegezea wote."

"Sisi tumesoma darasa moja, wewe!"

"Ndiyo maana nimekuweka juu, mahali pa heshima."

Wateja wawili walicheka. Alvin hakucheka. Alichukua bomba la shaba alilokuwa amenunua, akatoka. Tangu siku ile mkewe, Verna, ambaye kwa miaka mingi alisimama bega kwa bega na Lorna kwenye kwaya ya kanisa, akahamia mstari wa nyuma.

"Ibandue, Delmar," Lorna alimwambia mumewe. "Nakuomba."

"Biashara haina kwaya," Delmar akajibu.

Kisha ikaja barua ya serikali ya jimbo. Ilikuwa na kurasa kadhaa, na ilikwenda kwa wenye maduka wote. Kwa ufupi ilisema kwamba kuanzia sasa ni marufuku duka kumlazimisha mtu anayelipa kwa hundi kutoa namba ya kadi yake ya mkopo, ni marufuku kuiandika namba hiyo kwenye hundi, na asiye na kadi asifukuzwe kwa sababu hiyo. Lorna aliisoma yote akiwa amesimama. Delmar alisoma kichwa cha habari. Halafu akaikunja mara nne na kuisokomeza chini ya mguu wa mashine ya kuchanganyia rangi, ambayo tangu kiangazi ilikuwa ikicheza kama ina pepo. Mashine ikatulia.

"Leo ndiyo nimeona kodi yangu inafanya kazi," akasema.

Hadithi hiyo aliipenda sana. Aliisimulia kila mahali, na mwezi wa tisa, wenye maduka wa jimbo zima walipokutana kwenye hoteli moja ya ziwani, walimpa dakika kumi za kuzungumzia hundi mbovu, akaisimulia jukwaani. Ukumbi ulicheka hadi watu wakapiga meza. Bwana mmoja wa Milwaukee, mji mkubwa wa jimbo, Roland Fitch, mwenye duka la suti, alimfuata baadaye na kumshika mkono kwa mikono miwili. Delmar alirudi nyumbani kichwa kimevimba, na kwa siku kadhaa alikuwa akimwita Lorna "mama wa keshia" kwa sauti ya mtu anayehutubia.

Novemba ikaingia, na binti yao wa pekee, Gwen, akawa anaolewa Milwaukee. Bwana harusi alikuwa mtoto wa mjini asiyejua kitu, kwa hiyo tarehe aliyoichagua ilikuwa Jumamosi ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu. Kaskazini hakuna mtu anayefunga ndoa siku hiyo. Hata kufa, watu hujitahidi kusubiri. Delmar alinung'unika mwezi mzima, mwishowe akapata suluhisho: Jumamosi ataozesha, Jumapili alfajiri atapitia msituni kwa shemeji yake njiani wakirudi, apige wake mmoja.

Ijumaa alipakia gari kwa uangalifu mkubwa. Bunduki ndani ya mfuko wake, risasi, buti, soksi nzito, kisu, chupa ya chai, na koti la kuwindia lenye rangi ya chungwa kali, ile inayomfanya mwindaji aonekane hata na kipofu. Usiku walipofika hotelini, Lorna alimalizana na watu wa mapokezi wakati Delmar anashusha mizigo.

Jumamosi asubuhi Delmar alifungua kabati la chumba cha hoteli, akalifunga, akalifungua tena.

"Lorna, suti yangu umeitundika wapi?"

"Suti yako ulisema utaichukua mwenyewe. Ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni."

Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa safari ya saa nne kwenda na saa nne kurudi, na harusi ilikuwa saa nane mchana.

Gwen alipopigiwa simu hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Delmar zaidi. "Bunduki umeikumbuka?" aliuliza.

"Mwanangu, sikiliza..."

"Baba, bunduki umeikumbuka?"

"Nimeikumbuka."

"Basi nisikilize wewe. Tangu nikiwa mdogo nimekuota ukinishika mkono pale kanisani. Ukitokea na lile koti lako la rangi ya chungwa, nitaingia na mama. Sitaki kuolewa nikiwa nimeshikwa mkono na alama ya barabarani." Akakata simu.

Delmar aliketi kitandani. Alikuwa mtu mgumu, lakini alimbeba binti huyu mabegani mpaka alipofika umri wa kukataa kubebwa, na kumpeleka madhabahuni ndiyo kazi pekee ya maishani mwake ambayo hakuwahi kuifikiria kwa hesabu. Akainuka. "Mji huu hauwezi kukosa suti," akasema.

Haukukosa. Mtaa wa pili kutoka hotelini palikuwa na duka la suti lenye vioo virefu, na ndani yake suti moja ya kijivu iliyomkaa kana kwamba fundi alimpima akiwa amelala. Delmar alijitazama kwenye kioo, akavuta tumbo ndani, akaridhika. Kwenye keshia alikaa mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, na foleni ilikuwa ndefu, maana wanaume wa mjini waliobaki bila kwenda kuwinda walikuwa wamepelekwa na wake zao kununua nguo. Delmar alitoa kitabu cha hundi, akaandika, akachana, akaiweka mezani kama mtu anayeweka karata ya ushindi.

"Leseni ya udereva, bwana," yule mama akasema.

Delmar akatoa.

"Na kadi ya mkopo."

"Sina."

"Imebaki nyumbani?"

"Sina kabisa, mama. Situmii. Mimi sidaiwi na mtu."

Yule mama aliisukuma hundi kwa ncha ya kidole, ikarudi upande wa Delmar. "Basi itabidi ulete pesa taslimu."

"Pesa taslimu nizitoe wapi Jumamosi? Benki yangu iko kaskazini! Binti yangu anaolewa saa nane!"

"Hongera," yule mama akasema. "Anayefuata."

Nyuma yake mtu akakohoa. Mwingine akasema, si kwa sauti ya chini sana, "Wa mashambani hao, hundi zao zinarudi mbio kama sungura." Delmar alimtazama Lorna. Lorna alikuwa ameukumbatia mkoba wake kifuani na kutazama tai zilizotundikwa, kwa makini kama anayetafuta moja.

"Niitie mwenye duka," Delmar akasema.

Mwenye duka akatoka ofisini, na alikuwa Roland Fitch. Uso ukamng'aa. "Jamani! Bwana Raddatz! Njooni wote mwone!" Akamshika mkono kwa mikono miwili, kama siku ile. "Huyu ndiye yule niliyewaambia, wa mashine ya rangi! Huu utaratibu wetu wote wa kadi tumeutoa kwake. Mama Hollis, umemwomba kadi?"

"Nimemwomba. Hana."

Fitch akacheka. Alidhani ni utani. Halafu akaona si utani, akaacha kucheka, na Delmar akamwona akihesabu kichwani. Delmar aliijua hesabu hiyo. Aliifanya kila siku.

"Roland," Delmar akasema kwa sauti ya chini, "unanifahamu."

"Nakufahamu sana. Lakini mbele ya foleni yote hii, kaka? Si ulituambia mwenyewe? Ukimlegezea mmoja, umewalegezea wote."

"Kuna sheria!" Sauti ilimtoka Delmar kubwa kuliko alivyotaka. "Huwezi kumfukuza mtu kwa kukosa kadi. Serikali imeandika!"

"Imeandikaje?"

Delmar akafungua mdomo. Alijua barua ile ina unene wa kutosha mguu wa mashine. Alijua karatasi yake ni ngumu na haichakai upesi. Kuhusu yaliyoandikwa ndani, alijua kichwa cha habari. "Imeandika kwamba... haifai," akasema.

Foleni nzima ikacheka. Hata mama Hollis alivua miwani akaipangusa. Fitch alimpiga Delmar begani. "Bado unatuvunja mbavu," akasema, na suti ya kijivu ikarudishwa kwenye kiango.

Walirudi hotelini. Mkoba wa Lorna ulikuwa bado kifuani. Ukumbini, karibu na lifti, walimkuta Alvin Dombeck akila kipande cha jibini, ameshavaa suti yake ya bluu. Lorna alikuwa amewaalika akina Dombeck kwa lazima, na Delmar alikuwa amepinga kwa lazima, na Lorna ndiye aliyeshinda.

"Mbona uso hivyo?" Alvin akauliza.

Delmar hakutaka kusema. Lorna akasema, yote, pamoja na foleni na kicheko, bila kuruka kitu. Alvin alitafuna jibini lake mpaka likaisha.

"Verna ananipakiliaga makoti mawili," akasema mwishowe. "La pili ni jeusi. Liko chumbani."

Delmar akamsogelea. "Alvin. Niazime."

"Nitahitaji kitambulisho."

"Alvin, bwana..."

"Leseni ya udereva itatosha." Alvin alinyoosha kiganja, uso mkavu kama tofali. Delmar, kwa kukosa la kufanya, akatoa leseni. Alvin akaisoma mbele na nyuma, akalinganisha picha na mtu. "Na kadi ya mkopo."

"Unajua kwamba sina! Umesikia sasa hivi!"

"Basi andika hundi. Ya dhamana. Koti likirudi salama, na hundi nakurudishia. Mimi nikilipwa, narudisha."

Delmar aliandika hundi ile kwa hasira, akiwa ameegemea ukuta wa lifti. Verna alitokea na koti jeusi, ameshika na selotepu aliyokuwa akifungia zawadi. Alvin alimsaidia Delmar kulivaa. Mikono ya koti iliishia kidogo tu chini ya kiwiko, na mbele halikufunga wala halikutaka kujaribu. Lakini lilikuwa jeusi. Alvin alimzunguka, akalivuta huku, akalilaza kule, akampapasa mgongoni mara mbili tatu, kwa upole, kama mtu anayemtuliza farasi.

"Umetoka kama bwana harusi," akasema.

Gwen alimtazama babake mlangoni mwa kanisa, akatazama mikono iliyojitokeza, akapumua kwa nguvu. "Si la rangi ya chungwa," akasema.

"Si la rangi ya chungwa," Delmar akakubali.

"Haya, twende, baba." Akapitisha mkono wake kwenye mkono wa babake, na macho ya Delmar yakalowa papo hapo, jambo ambalo hakulitarajia wala hakulipangia.

Kinanda kikalia, wakaanza kutembea. Delmar alitembea wima. Baada ya hatua chache akaanza kusikia kitu cha ajabu. Walio mbele yake walimtazama vizuri tu, wengine wakitabasamu, wengine wakifuta macho. Waliokuwa nyuma yake ndio walikuwa na tatizo. Kila mstari aliokwisha kuupita uliachia sauti ya mtu anayezuia kupiga chafya, kisha ya mtu mwingine, na sauti hizo zikawa zinamfuata kama bata. Ni hii mikono ya koti, akajiambia, na akazidi kujinyoosha, jambo lililoufanya mgongo wake uonekane vizuri zaidi.

Alimkabidhi binti yake, akambusu, akasimama pale mbele ya watu wote muda ambao mchungaji alihitaji kutafuta ukurasa. Halafu akaenda kuketi kando ya Lorna kwenye benchi la kwanza, akaegemea.

Kitu kikapasuka kwa sauti ya karatasi.

Alipeleka mkono nyuma ya bega, hakufika. Akaupitisha chini, akashika ncha, akavuta. Selotepu ikalia kwa sauti ndefu katikati ya somo la upendo. Mkononi mwake ilikuwa hundi yake mwenyewe, jina lake limechapwa vizuri, Delmar H. Raddatz, Norden Mills, na juu yake, kwa rangi nyekundu ya mdomo ya Verna: HUYU ASIPOKELEWE.

Damu ilimpanda. Aligeuka. Benchi la tatu, Alvin Dombeck alikuwa ameinua kitabu cha nyimbo hadi puani, ingawa hakuna aliyekuwa akiimba. Delmar alijiandaa kusimama. Mkono wa Lorna ukatua juu ya goti lake, mzito.

"Keti," Lorna akanong'ona. "Ni ukuta wa elimu."

Jioni, kwenye karamu, soseji na brandi vilipozunguka, Gwen alionyeshwa hundi ile akacheka hadi wanja ukamshuka mashavuni, kisha akadai wapigwe picha pamoja, yeye na babake, kwa nyuma, hundi ikiwa imebandikwa tena. Delmar alikubali kwa sababu asingeweza kumkatalia kitu siku hiyo. Na leseni yake, Alvin akamrudishia mbele ya mashahidi.

Jumapili Delmar hakwenda kuwinda. Alishuka mapokezi mapema na kitabu chake cha hundi, ili mambo ya hoteli yaishe bila maneno mengi.

"Hudaiwi kitu, mzee," yule wa mapokezi akasema. "Chumba kimeshalipiwa kwa kadi tangu Ijumaa."

"Kadi? Ya nani?"

"Ya bibi Lorna Raddatz."

Alimkuta Lorna ndani ya gari, amefunga mkanda, mkoba mapajani. Delmar aliketi kwenye usukani bila kuwasha.

"Una kadi."

"Ninayo."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki uliyonianzisha kuandika namba za wenzangu. Nilitaka kujua ni kitu gani hiki ninachowavua watu."

"Jana. Pale dukani. Ilikuwa wapi?"

"Hapa." Lorna akaupiga mkoba kofi jepesi.

"Ungeweza kunitoa! Umesimama pale, watu wananicheka, unatazama tai!"

"Hukuniuliza." Lorna alikuwa akitazama mbele, kwenye kioo cha gari. "Umemuuliza kadi kila mtu wa Norden Mills, Delmar. Mimi peke yangu hukuwahi kuniuliza."

Saa nne za njiani zilipita bila redio.

Jumatatu Delmar alipofungua duka, ukuta ulikuwa mtupu. Lorna alikuwa amezibandua hundi zote kabla ya chai, na mahali pake pa juu kabisa akabandika barua ya serikali, kurasa zake zote, zimenyooshwa kwa pasi. Hundi ya Alvin alikuwa ameshaivukisha barabara mwenyewe na kumpa Verna mkononi. Delmar alitazama ukuta, akamtazama Lorna, akauacha ulivyo.

Mteja wa kwanza alitaka kopo la rangi nyeupe. Delmar akawasha mashine, na mashine ikaanza kucheza, ikipiga sakafu, ikielekea mlangoni kama inayotaka kwenda zake. Akaizima. Akachukua hundi zilizobanduliwa, zilizokuwa kwenye kikapu cha taka, akazikunja pamoja mara nne, akazisokomeza chini ya mguu, akawasha tena.

Ikaendelea kucheza. Zilikuwa chache mno.